Lokesheni ya Rosebellah

Mtu akikuambia kwamba Jackton alizaliwa mbaya, mwambie Beldina amekataa. Mimi ndiye ninayemjua. Mimi ndiye wa kwanza kupigiwa honi na yeye, kule Malaz, Riyadh, wakati madam wangu wa kwanza aliponifungia kwenye stoo ya mazulia kwa sababu nilivunja birika la kahawa. Simu nilikuwa nimeificha ndani ya soksi. Nikamtumia lokesheni dereva mmoja Mkenya, mtu ambaye sura yake sikuwahi kuiona, namba yake nilipewa na msichana wa jirani. Akaja. Akaegesha gari la bosi wake mbele ya geti, akaweka mkono kwenye honi, na hakuutoa. Majirani wakachungulia. Wazee waliokuwa wanatoka msikitini wakasimama kuuliza kuna nini, na Jackton akawaambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kwamba ndani ya nyumba hii kuna dada yangu amefungiwa. Dada yangu! Hata jina langu hakulijua. Madam akaona haya, akafungua mlango. Nililia siku hiyo mpaka nikashikwa na kwikwi.

Hivyo ndivyo lilivyoanza kundi letu la simu, tukaliita Honi. Sisi akina dada wa kazi za ndani hatutoki. Ikama, kile kibali cha kuishi, anayo kafili, yule tajiri aliyekuleta, ufunguo wa geti anao madam, na siku nyingine jua unalionea dirishani. Anayetoka ni dereva. Kwa hivyo sheria ya kundi ilikuwa moja tu, na aliyeitunga ni Jackton mwenyewe: dada akituma lokesheni, dereva aliye karibu anaenda kupiga honi. Huulizi kabila. Huulizi dini. Huulizi amekosa nini. Unaenda. Waganda walikuwemo, Watanzania walikuwemo, kulikuwa hata na dada mmoja wa Burundi ambaye Kiswahili chake tulikicheka mpaka na yeye akacheka. Tulimchagua Jackton kuwa mwenyekiti na hakuna aliyepinga. Ningepingaje? Nilimpenda yule mtu kama kaka.

Sasa sikiliza alivyoharibika. Kwanza zilikuja tisheti nyeusi zenye ngao kifuani. Sawa, tisheti haiumi mtu. Halafu ukaja wimbo wa taifa, Ijumaa kwenye bustani, kwa sisi tuliopata ruhusa, wote wima, mkono kifuani, na ukikohoa unaangaliwa vibaya. Halafu salamu. Yeye anasema "Kenya!" na sisi tunaitikia "Kwanza!" Halafu hotuba, mama yangu, hotuba! Jackton alikuwa na ulimi mtamu tangu zamani, lakini sasa aliupatia kazi.

"Kwa nini bosi anamdharau Mkenya?" anauliza. "Kwa sababu Mganda anakubali kila kitu. Analala jikoni, anakubali. Ananyimwa siku ya kupumzika, anakubali. Mganda ndiye ametushusha!"

Watu wanapiga makofi. Mtu aliyetukanwa wiki nzima, ukimwambia Ijumaa kwamba kuna mwingine yuko chini yake, atapiga makofi mpaka viganja viwake moto. Nawaelewa. Lakini kuelewa si kukubali. Waganda wakaondolewa kwenye kundi kimya kimya, wakafuata Watanzania, na yule wa Burundi akaondolewa akiwa bado anatuma picha ya mtoto wake.

Kisha Protus akakamatwa, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Protus alikuwa dereva, kijana wa Kakamega, mtu wa maringo. Alijirekodi akiendesha gari la bosi, anacheza kwa mabega, na nyuma yake wanaonekana mke wa bosi na mabinti, nyuso wazi. Akaiweka mtandaoni. Jamani! Katika nchi hii, umrushe mke wa mtu mtandaoni bila shela? Kila Mkenya wa Riyadh aliiona hiyo video, na bosi wake akaiona pia. Protus akalala ndani, halafu akarudishwa nyumbani. Ni ujinga wake mwenyewe, maskini. Jackton akatuamuru tuifute video, ati tumwonee huruma ndugu yetu. Tukafuta. Baada ya muda akasimama bustanini na kutangaza kwamba Protus alichongewa kwa polisi na Mganda.

Nilikuwa nafanya kazi nyumba moja na dada aitwaye Selipher. Tulilala chumba kimoja, tunakula sahani moja. Nikamwuliza, "Si wewe ndiye uliyenitumia ile video ya Protus, ukicheka?"

Akaniangalia machoni pasipo hata kupepesa. "Video gani?"

Wee! Niliogopa kuliko siku niliyofungiwa stoo.

Baada ya hapo Jackton alilifunga kundi, yeye peke yake ndiye wa kuandika. Lokesheni ukitaka kutuma, unamtumia yeye, halafu yeye ndiye anaamua kama utaendewa. Damaris, dada mtaratibu wa Machakos, alimwuliza mbele za watu ni Mganda yupi huyo aliyemchongea Protus, ana jina? Wiki iliyofuata Damaris akafungiwa juu ya paa na madam wake, kwenye jua la Riyadh, akatuma lokesheni. Jackton akamjibu kwamba aombe msamaha kwanza. Damaris akaomba msamaha, midomo imepasuka kwa kiu. Honi ikapigwa jioni. Nilipomwuliza Jackton kwa nini, alinijibu kwa upole kabisa, "Beldina, tuko vitani. Vitani kuna nidhamu." Vita gani? Hakukuwa na vita yoyote. Yeye ndiye alikuwa anaihitaji.

Likizo ya shule ilipofika, bosi wetu akahamisha familia yote kwenda Jeddah, kwenye nyumba yao ya Al-Nuzha, na sisi tukapakiwa pamoja na masanduku: mimi, Selipher, na Wesley, dereva wa nyumba, kijana wa Eldoret asiye na ubaya wowote isipokuwa kwamba alimwamini Jackton kuliko alivyoamini usukani wake. Jackton naye alikuwa Jeddah na bosi wake. Madereva wengi wa Honi walikuwa Jeddah msimu huo. Na Rosebellah alikuwa Jeddah.

Rosebellah ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yangu na mama yake ni tumbo moja, wamezaliwa upande wa Uganda. Mama yangu akaolewa Busia upande wa Kenya, mama yake akabaki ng'ambo. Sokoni tulikuwa tunavuka kama unavyovuka kutoka sebuleni kwenda jikoni. Rosebellah alikuwa ametoroka kwa kafili wake Riyadh, akajificha Ruwais, kule mitaa ya zamani karibu na bahari, chumba kimoja na Waganda wenzake, wanasafisha nyumba za watu mchana na kuomba Mungu wasiulizwe ikama. Anajua Kiarabu vizuri. Kuna Mkenya mmoja aliyekuwa anaumwa, Rosebellah akampeleka hospitali na kumtafsiria. Mtu akamwona mlangoni akizungumza na askari wa zamu. Basi! Jackton akapata jina lake. Mganda aliyemchongea Protus sasa alikuwa na jina, na sura, na mtaa. Kilichobaki ni nyumba.

Akaja kunitafuta mwenyewe, kwenye geti la nyuma, mimi nikiwa nakung'uta mazulia. Wesley alikuwa pembeni anaosha gari.

"Beldina," akasema, "nahitaji lokesheni ya yule Mganda wa Ruwais. Najua mnajuana."

"Ya nini?"

"Tunaenda kuongea naye."

"Kuongea gani huko kwa madereva kumi na spana za magurudumu? Wesley ameniambia mnabeba spana."

Wesley akainamisha kichwa kwenye ndoo. Jackton hakumwangalia. Akasogea karibu, akateremsha sauti, ile sauti yake nzuri.

"Mimi nilikutoa stoo, Beldina."

"Ulinitoa, na sitasahau mpaka nazikwa. Ndiyo maana nakwambia wewe kabla ya mtu mwingine: hiyo lokesheni huipati kwangu. Rosebellah hajamchongea mtu. Protus alijichongea mwenyewe na mabega yake, na wewe unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyetuambia tufute."

"Wewe ni Mkenya, au ni nusu?"

"Mimi ni mzima. Aliye nusu ni wewe. Yule nusu aliyekuwa na utu sijui umemwacha wapi."

Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alitabasamu, akasema, "Tutaipata tu," na akaondoka. Nikarudi ndani, nikampigia Rosebellah kumwambia ahame. Akaniuliza ahamie wapi. Mchana patroli iko barabarani, ikama hana, na mwenzao mmoja ana mimba, amekaribia kujifungua.

Ijumaa hiyo, tukiwa tunaosha vyombo vya chakula cha mchana, simu yangu ikalia. Kundi la Honi limefunguliwa. Kila mtu anaweza kuandika, ili wapiganaji waelewane njia. Na ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa lokesheni ya Ruwais, nyumba yenyewe, mlango wenyewe. Aliyeituma ni Selipher. Alikuwa amesimama hapo kando yangu, sufuria mkononi. Mwezi uliotangulia, siku aliyotumwa dukani na madam, nilimtuma ampelekee Rosebellah nguo, kwa sababu nilimwamini.

"Selipher!"

"Usinianze, Beldina. Mimi sitaki kuja kuachwa juu ya paa."

Sikumpiga, ingawa sufuria ilikuwa karibu. Alikuwa anaogopa, na machozi yalikuwa yamemjaa. Lakini huruma kwake sikuwa nayo siku hiyo, na hata leo naitafuta.

Jackton aliandika wakutane kwanza ufukweni kwa hotuba. Hapo ndipo Mungu aliponisaidia, kwa sababu Jackton hawezi kuanza kitu bila hotuba, na hotuba yake haina mlango wa kutokea. Madam alikuwa amelala, bosi amelala. Nilijua maana ya kutoka. Ukitoka bila ruhusa unaripotiwa umetoroka, na ukiripotiwa, halas, imekwisha, hakuna kazi, hakuna ikama, unarudi nyumbani na begi la mkononi, na nina watoto wawili shuleni. Nikachukua mfuko wa takataka, nikapita getini kama kawaida, nikautupa kwenye pipa, na sikurudi. Nikasimamisha teksi nikiwa na aproni na malapa.

Nyumba ya Ruwais iko kwenye kichochoro ambacho gari haliingii, mashine za kupoza hewa zinadondosha maji juu ya vichwa vya watu. Nikagonga. Rosebellah alipofungua na kuniona na aproni, alielewa.

"Dada, rudi," akaniambia. "Rudi kabla hawajajua umetoka."

"Ya madam yaache. Jackton na watu wake wako njiani. Pandeni kwa yule jirani wa juu."

"Yule mama amekubali, lakini huyu mwenye mimba anapanda taratibu. Na mimi sitangulii yeye abaki."

"Basi fungeni mlango kwa ndani na mpande. Mimi nabaki hapa nje."

"Peke yako? Utafanya nini?"

Nilikaa kwenye kizingiti, nikausikia mlango ukifungwa nyuma yangu. Nikatoa simu. Kundi lilikuwa linachemka: tumefika taa za barabarani, egesheni kule, ingieni kwa miguu. Nikaangalia hayo maneno, na hasira ikanipanda. Hili lilikuwa kundi langu. Liliundwa kwa ajili yangu. Nikabonyeza, nikatuma lokesheni yangu, kisha nikaandika: "Beldina. Ruwais. Nashambuliwa. Wahini."

Halafu nikasikia malapa na viatu vinakimbia kwenye kichochoro. Wa kwanza kutokea alikuwa Wesley, anahema, macho yamemtoka, spana mkononi.

"Dada Beldina! Ni nani? Nani anakushambulia?"

"Nyinyi."

Akasimama. Wenzake wakamfikia nyuma, na wao wakasimama, tisheti nyeusi zimeloa jasho, wanaangalia kushoto na kulia kumtafuta huyo adui. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mimi tu na aproni yangu.

"Nyinyi ndio mnanishambulia," nikasema. "Nimetuma lokesheni, mmekuja, asanteni. Sheria bado iko. Sasa nitoeni mikononi mwa hao watu."

Mmoja akacheka, cheko la aibu. Mwingine akaficha spana nyuma ya mguu. Kisha Jackton akapenya katikati yao.

"Toka mlangoni, Beldina."

"Sitoki."

"Mnamwona?" akawageukia. "Huyu mama yake ni Mganda! Alikuwa ndani yetu miaka yote!"

"Mama yangu ni Mganda, ndiyo! Anaitwa Nabwire, mkitaka niwatajie na ukoo. Mganda huyo amenizaa, na bado nilikuwa namba mbili kwenye kundi lako, Jackton, kabla hujajua kushona ngao kwenye tisheti. Wesley! Ulipougua homa Riyadh, uji nani alikupikia? Nusu yangu ipi ilikoroga? Mwambie Mwenyekiti!"

Wesley alikuja, akapita mbele ya Jackton, akakaa kando yangu kwenye kizingiti. Spana akaiweka chini kati ya miguu yake. Mwingine akageuka akaondoka, halafu wawili. Sikudanganyi, si wote. Wengine walibaki wakimwangalia Jackton waambiwe la kufanya, na hao ndio wanaonitisha mpaka leo.

Jackton aliona watu wanapungua, na akafanya alichokuja kukifanya. Alinyanyua spana apige mlango. Nikanyanyua mkono. Nilisikia mfupa wangu ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Nikapiga kelele, ya kwetu, ile inayotoa watu kwenye mashamba, na Ruwais nzima ikafungua madirisha. Wazee wa mtaa wakatoka na kanzu zao za ndani, wakapiga kelele kwa Kiarabu, wakawazingira, na mmoja alikuwa tayari ameshika simu. Juu ya kichwa changu, kwenye ngazi za jirani, nilisikia miguu inapanda, taratibu, na mlango wa juu ukafungwa. Nikajua Rosebellah amepita.

Polisi wakafika. Askari kijana akaniangalia mkono, akaniuliza ikama. Nikamwambia, "Mafi ikama, sina, iko kwa madam." Akaandika. Nikajua hapo kazi yangu imekwisha. Kisha akauliza ni nani aliyenipiga.

Jackton alikuwa amesimama ukutani, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu. Aliniangalia kama mtu aliyenitoa stoo. Nilikuwa na deni lake, ile honi moja, na alijua. Wesley akaninong'oneza, "Dada, usiseme. Ukisema, utaitwa msaliti mpaka nyumbani." Na alikuwa anasema kweli. Nikawaza pia: nikinyamaza, kesho polisi wakimchukua kwa maneno ya wale wazee, jioni kutatangazwa kwamba Mganda amechongea tena. Watarudi hapa, safari hiyo wakiwa wengi, na mimi sitakuwepo kizingitini.

"Wesley," nikasema, "toa simu. Rekodi, na uweke kwenye kundi."

Aliitoa. Akaielekeza kwangu. Nikanyoosha mkono wangu usiovunjika, nikamwonyesha Jackton kwa kidole mbele ya askari, nikamtaja jina lake na jina la baba yake. Halafu nikageukia simu.

"Mimi ni Beldina, mwanachama namba mbili wa Honi. Nimemchongea Mwenyekiti kwa polisi, mchana kweupe, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mkiulizwa ni nani, semeni ni Mkenya. Msitafute Mganda."